Kabla ya kurefusha mkeka (tiketi moja ya kubashiri mechi kadhaa, ambazo zote lazima zitokee ndipo ulipwe), piga hesabu hii

Ukiona mechi ambayo kampuni ya kubashiri imeweka odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) ya 1.90 kwa magoli zaidi ya 2.5 na 1.90 hiyo hiyo kwa magoli pungufu, fahamu kwamba nafasi zimechukuliwa kuwa nusu kwa nusu na malipo ya haki yangekuwa 2.00, ile 0.10 iliyokatwa ndiyo faida ya kampuni. Kwa dau la shilingi 1,000, wastani wa kinachorudi ni shilingi 950. Ubaya ni kwamba makato hayo huzidishana kila unapoongeza mechi, hivyo mkeka wa mechi 10 za namna hiyo hurudisha wastani wa shilingi 599 tu, kwa kuwa odi zake zikizidishwa hufika 613 hivi, ilhali uwezekano wa zote kutokea kama ulivyobashiri ni 1 kati ya 1,024. Nawasihi kwa dhati ndugu zangu mnaobashiri kwa burudani: wekeni mechi moja au mbili, kwa fedha iliyobaki baada ya kodi ya nyumba na ada za watoto, na bonasi ya mkeka mrefu msiikubali kabla ya kuilinganisha na pengo hilo la makato.