Kitufe kisichoguswa: kuunga sensa ya infraredi na kuirekebisha

Kwa kengele ya mlango au taa ya ukumbini, chukua sensa ndogo ya infraredi yenye chipu ya LM393. Ina pini tatu: VCC (umeme chanya), GND (hasi) na OUT (ishara inayotoka). Jicho jeupe hutoa mwanga usioonekana, jicho jeusi hupokea unaorudi kutoka kwenye kiganja.

VCC iende kwenye volti 5 za Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), GND kwa GND, OUT kwenye pini 2. Kwa ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, ipe sensa volti 3.3, kwani pini zake hazikutengenezewa volti 5. Kwenye programu, mkono ukifika OUT hushuka (LOW), ukiondoka hupanda. Anayelisahau hili huona taa imewaka mchana kutwa. Ili mpungo mmoja uwashe na unaofuata uzime, soma ule mshuko tu, kisha puuza milisekunde 300, la sivyo mpungo mmoja utahesabiwa mara kadhaa.

Kazi kubwa ni marekebisho. Weka kiganja sm 8 mbele, zungusha potensiomita (skrubu ndogo ya kurekebisha usikivu wa sensa) polepole mpaka taa ya ishara iwake, ondoa mkono uhakikishe imezima. Usivute hadi sm 30; anayepita tu ataiwasha. Jaribu pia na mkono wa buibui: baadhi ya vitambaa vyeusi hunyonya infraredi, na mgeni aliyevaa hivyo huenda akapunga bure.

Jua ndilo adui mkuu. Kwenye baraza za Tanga zinazotazama bahari, jua la asubuhi huingia moja kwa moja na kulivuruga jicho jeusi. Elekeza sensa chini, kisha livishe jicho hilo mrija mweusi wa sm 2. Usiifunike kwa plastiki angavu isiyo na kizuizi cheusi kati ya macho mawili, maana mwanga utarudi humo humo. Hewa ya chumvi nayo hula miunganisho: paka rangi ya kucha kwenye risasi ya kulehemu, si kwenye macho wala potensiomita.

Taa au kengele huwashwa kwa rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme. Koili ya rilei ya volti 5 hula takriban mA 70, nyingi mno kwa pini ya Uno. Pitisha kwenye transista 2N2222 na rezista ya kiloomu 1, na dayodi 1N4007 sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Rilei ikivuta na sensa ikajiwasha, weka kapasita ya µF 100 kati ya VCC na GND karibu na sensa. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme.

Ikikataa kabisa, tazama jicho jeupe kwa kamera ya mbele ya simu: simu nyingi huonyesha mng'ao wa zambarau. Usipouona, pima kwanza volti kati ya VCC na GND.