Mkojo wa damu na dawa hazisaidii: namna ya kutafuta chanzo

Kabla ya kuhangaika, hakikisha ni damu kweli. Rifampisini ya kutibu TB hugeuza mkojo kuwa wa chungwa hadi mwekundu, na bitiruti nayo hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya watu. Kwa mwanamke, hedhi huchafua sampuli, kwa hiyo asubiri imalizike ndipo apime.

Kisha kojoa kwenye vikopo vitatu vinavyoonyesha ndani, kwa mkojo uleule mmoja: kidogo cha mwanzo, sehemu kubwa ya katikati, na matone ya mwisho. Damu ikiwa kwenye kikopo cha kwanza peke yake, tafuta kwenye mrija wa kutolea mkojo. Ikiwa kwenye kikopo cha mwisho tu, angalia shingo ya kibofu, tezi dume, au kichocho. Vyote vitatu vikiwa vyekundu, inatoka kibofuni au juu zaidi. Madonge membamba marefu kama minyoo yameshuka kupitia mrija wa figo, yaani ule unaoleta mkojo kibofuni. Rangi ya kahawia kama chai ya rangi, bila madonge, huelekeza kwenye vichujio vya figo, hasa kwa mtoto aliyeumwa koo wiki moja hadi tatu nyuma, au aliyekuwa na vidonda vya ngozi.

Kwa aliyeoga lambo au kulima mpunga kama wa Bahi, Dodoma, kichocho ndicho cha kuondoa kwanza. Hapa wengi hukosea saa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri huweza kukudanganya. Ruka au panda ngazi kidogo, kisha chukua matone ya mwisho, na rudia siku tatu kabla ya kukubali kuwa huna. Tiba ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito.

Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Kwa joto la Dodoma, ikikaa juani chembe nyekundu hupasuka, na mpimaji atasema hazipo. Omba pia mkojo uzungushwe kwenye mashine. Wekundu ukishuka chini, ni chembe za damu. Maji ya juu yakibaki mekundu, kijiti cha kupimia mkojo kikasema kuna damu lakini darubini ikakosa chembe, hiyo si damu inayovuja. Ni hemoglobini, yaani rangi nyekundu ya chembe zilizopasuka mwilini, kama kwenye malaria kali au kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) aliyemeza dawa ya malaria ya primakwini, au ni mayoglobini, protini nyekundu ya misuli iliyoharibika baada ya kazi ya sulubu juani. Chanzo cha misuli huweza kuua figo haraka, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kichocho na maambukizi ya kawaida vikishaondolewa, ndipo tunapofika kwenye visivyozoeleka. Antibiotiki ya tatu bila mkojo kuoteshwa maabara kutafuta bakteria ni kupoteza muda. Mkojo wenye usaha usioota bakteria yeyote uulizie TB ya figo: mikojo ya kwanza ya asubuhi, siku tatu mfululizo, kwa kipimo cha TB.

Selimundu husahaulika zaidi. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu, mzima kabisa kwa mengine yote, anaweza kukojoa damu bila maumivu, na mara nyingi hutoka figo ya kushoto. Sababu ni kwamba ndani kabisa ya figo kuna chumvi nyingi na oksijeni kidogo, chembe zinajikunja na vijimishipa vinaziba. Pumzika, kunywa maji, lakini usiache kupiga altrasaundi, kwa sababu watu hawa pia ndio wanaopata saratani adimu ya figo wakiwa vijana.

Kijana mwembamba mwenye maumivu ya ubavu wa kushoto anaweza kuwa na vena ya figo iliyobanwa kati ya aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) na ateri inayopeleka damu kwenye utumbo. Altrasaundi ya mishipa huionyesha, ila mpimaji aambiwe aitafute. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, anayekojoa damu kila mwezi siku za hedhi, huenda ana tundu kati ya kizazi na kibofu. Na aliyeoga lambo akaanza kutoka damu isiyoganda anaweza kuwa na ruba ndani ya njia ya mkojo, maana mate yake huzuia damu kuganda.

Damu ya baada ya mbio ndefu hukoma ndani ya siku mbili au tatu. Isipokoma, si ya mbio. Anayemeza wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asiilaumu dawa pekee: uvimbe wa kibofu huanza kuvuja mapema kwa sababu ya dawa hiyo.

Madonge yakiziba mkojo usitoke kabisa, usisubiri asubuhi. Aliyevuka miaka 35, au aliyewahi kuvuta sigara, au aliyeishi na kichocho miaka mingi, aombe kamera ya kibofu hata damu ikikoma yenyewe. Kama unaweza, ifanyike siku ambayo damu bado inatoka, kwa sababu ndipo daktari huona ni mrija wa figo ipi unaomwaga.