Kufuga, Kuzalisha na Kushindanisha Baji Jijini Nairobi

Baji ni kasuku mdogo mwenye asili ya maeneo makavu ya Australia, ambako makundi yake huhamahama yakifuata mvua na mbegu za nyasi. Huko kwao hutaga wakati nyasi zimezaa, na ukame ukirudi huacha. Hapa Nairobi hakuna kitu cha kumwachisha. Jiji liko karibu na Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha maana mwaka mzima, na ndege aliye kizimbani hupata mbegu na maji kila asubuhi, hivyo kwa jike hali hiyo ni sawa na mvua isiyokatika. Akiachiwa sanduku la kutagia, atataga, ataatamia, atalea na kutaga tena mpaka mwili umchakae. Ni wajibu wa mfugaji kuamua msimu uanze lini na uishe lini, na mengi ya maelezo yanayofuata yanatokana na wajibu huo.

Baji hai walifikishwa Uingereza na John Gould mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa kwa wingi kiasi kwamba wa kufugwa hawatoki tena porini. Hawamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, tofauti na kasuku wa kijivu wa Afrika, ambaye tangu 2017 yumo katika orodha ya kwanza ya mkataba huo na hafugwi nchini bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Mtu akikutolea kasuku wa kijivu kwenye boksi kando ya barabara kwa bei ya kutupa, endelea na safari yako.

Kuchagua ndege

Baji wako wa namna mbili. Yupo mdogo wa kawaida, mwenye uzito wa gramu 30 hadi 40, mwepesi na mchangamfu, na yupo wa maonyesho, mkubwa zaidi, mwenye kichwa kipana na manyoya marefu yanayokaribia kufunika macho. Anayetaka ndege wa kumchangamsha nyumbani amchukue wa kwanza, kwani ni imara zaidi na huzaa kwa urahisi. Wa pili ni mzito wa kuzaa na hudai uangalizi wa karibu, kwa hiyo ni vyema mfugaji aanze kwa kujifunza kwa wale wa kawaida.

Umri hutambulika kwenye paji la uso. Kinda ana mistari myeusi inayoshuka hadi kwenye ngozi ya pua, yaani kile kipande laini kilicho juu ya mdomo, na mistari hiyo hutoweka anapobadilisha manyoya kwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu au minne. Jinsia nayo husomwa kwenye ngozi hiyo hiyo: dume aliyekomaa huwa na buluu iliyoiva, na jike huwa na kahawia au nyeupe iliyofifia. Kwa makinda, dume huwa na waridi au zambarau sawasawa, ilhali jike huwa na buluu hafifu yenye duara jeupe kuzunguka matundu ya pua. Wauzaji wengi huwachanganya makinda kwa sababu hiyo ya buluu, na mnunuzi huishia na majike wawili wanaogombana. Kanuni hii pia haifanyi kazi kwa ndege wa manjano au weupe wenye macho mekundu, ambao madume wao hubaki na ngozi ya waridi maisha yote.

Kabla ya kulipa, mshike ndege na upapase mfupa wa kidari; ukiuhisi umechongoka kama kisu, ndege huyo amekonda na huenda ana ugonjwa wa tumbo. Tazama sehemu ya haja iwe safi, mkia usiwe unapanda na kushuka kwa kila pumzi, na mdomo usiwe na magamba yenye vishimo, ambayo ni dalili ya utitiri wa uso. Ndege mpya akae peke yake chumba kingine kwa siku 30. Sharti hili huwachosha watu, lakini maradhi mengi huingia kupitia ndege mmoja mzuri aliyeletwa Jumamosi na kuchanganywa na wenzake siku hiyo hiyo.

Kizimba na mahali pake

Baji huruka kwa kwenda mbele, hivyo urefu wa kizimba ni bora kuliko kimo chake. Kwa jozi moja, sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ndicho kipimo cha chini ninachoweza kukipendekeza, na nafasi kati ya nyaya isizidi milimita 12, la sivyo kichwa kitapenya. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hutengeneza vizimba imara kwa vipimo unavyotaka, na bei yao hupatanika. Wavu mpya uliopakwa zinki usuguliwe kwa brashi na siki, usuuzwe na kukaushwa juani kabla ndege hajaingia, kwa sababu baji hutafuna nyaya na zinki humdhuru. Vijiti vya kutulia viwe matawi halisi yenye unene tofauti tofauti, kwa mfano ya mpera, ili miguu isipate vidonda.

Kizimba kisiwekwe jikoni. Mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula kinapoungua huweza kumwua ndege kwa dakika chache, na moshi wa jiko la makaa una hewa ya sumu inayomdhuru yeye kabla ya binadamu kuhisi chochote. Katika nyumba za vyumba viwili za Umoja au Kasarani, ambako jikoni na sebuleni hutenganishwa na pazia, ni afadhali kizimba kiwe chumba cha kulala kuliko karibu na pazia hilo. Anayeishi penye bustani, kama vile Karen au Ngong, awafikirie siafu: miguu ya meza ya kizimba isimamishwe ndani ya mikebe yenye maji na mafuta kidogo, maana siafu hula makinda wakiwa hai usiku mmoja tu.

Kuhusu baridi, usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na baji mzima aliye mkavu huivumilia bila shida. Kinachomwumiza ni upepo unaopenya. Funika kizimba pande tatu kwa shuka zito jioni na uache upande mmoja wazi ili hewa ipite.

Chakula

Msingi wa chakula ni nafaka ndogo, na maduka ya nafaka ya Nyamakima huuza mawele na wimbi kwa bei nafuu kuliko pakiti za dukani. Chukua nafaka isiyopakwa dawa ya wadudu, uipepete na uinuse, kisha uihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko. Lakini mbegu peke yake huleta unene na upungufu wa vitamini A na madini ya joto. Kila siku mpe kipande cha sukuma wiki, terere, dania au karoti iliyokunwa, vyote vikiwa vimeoshwa vizuri, hasa ikiwa hujui vilikomwagiliwa. Mara mbili kwa juma loweka mbegu usiku kucha, uzichuje, na uzipe zikianza kuchipua. Zikinuka uchachu zitupwe.

Mfupa mweupe wa ngisi, ambao huokotwa ufukweni huko Pwani, humpa chokaa na humnoa mdomo. Kama haupatikani, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yanatosha. Parachichi ni sumu kwa ndege huyu, hata kipande kidogo, na katika nchi yenye maparachichi mezani karibu kila siku ni lazima watoto na wageni waambiwe waziwazi. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi navyo ni marufuku.

Kuzalisha

Jike asioanishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Dume anaweza kuanza akiwa na miezi kumi, ingawa hakuna hasara kumsubirisha. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, ninapendelea kuweka masanduku mwanzoni mwa Septemba, baridi ikiwa imeisha, na kuyaondoa katikati ya Januari. Kipindi hicho hutosha mizao miwili, na mizao miwili kwa mwaka inatosha. Wapo wanaoruhusu mitatu. Jike anayezaa mara tatu mfululizo huonekana wazi kwa manyoya yaliyochakaa na mayai yenye maganda laini.

Sanduku la mbao lenye sakafu ya sentimita 15 kwa 20 na tundu la kuingilia la sentimita 4 hadi 5 linafaa. Sakafu ichongwe bakuli la kina kifupi ili mayai yasitawanyike, na iwekewe maranda masafi ya mbao isiyo na dawa wala harufu kali. Sakafu tambarare inayoteleza huwafanya makinda waote miguu iliyotanuka, kasoro ambayo ni vigumu kuirekebisha baada ya majuma mawili. Ikiwa unaweka jozi kadhaa kwenye banda moja, masanduku yazidi idadi ya majike na yote yawe kimo kimoja, kwa sababu majike hupigania la juu kabisa hadi kuuana. Lakini anayelenga mashindano aweke kila jozi kizimba chake, la sivyo hatajua baba wa kinda ni nani.

Yai la kwanza hutarajiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na mengine hufuata, moja kila siku mbili, mpaka yawe manne hadi sita. Kila moja huatamiwa kwa takriban siku 18, na kwa kuwa jike huanza kuatamia mapema, makinda huanguliwa kwa kupishana vivyo hivyo. Siku ya saba tangu yai litagwe na kuatamiwa, limulike kwa tochi ya simu; lenye uhai huonyesha mishipa myekundu. Usiliondoe lisilo na uhai kwa pupa, kwani husaidia kuwaegemeza makinda wadogo.

Jike akionekana amejikunyata sakafuni, amevimba chini ya tumbo na anasukuma bila kufaulu, yai limemkwama. Mweke mahali penye joto la nyuzi 30 hivi na mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Kliniki nyingi za mtaani huzoea mbwa na paka, kwa hiyo ulizia mapema ni ipi hutibu ndege. Kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Wakati wa kulea, ongeza yai lililochemshwa na kupondwa kila asubuhi, na uliondoe kabla ya adhuhuri lisiharibike. Kagua sanduku kila siku, badilisha maranda yanapolowa, na usafishe kinyesi kilichoganda kwenye miguu au mdomo wa kinda kwa maji vuguvugu. Makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 30 hadi 35. Baba huendelea kuwalisha kwa juma moja au zaidi, na ni muhimu watenganishwe mara tu wanapojilisha, kwa kuwa mama aliyekwisha kutaga tena huwashambulia.

Msimu ukiisha, sanduku litolewe hata kama jike analing'ang'ania. Ikiwa ana mayai, ngoja amalize kulea mzao huo, kisha toa sanduku, punguza vyakula vya yai, na umtenge na dume kwa miezi kadhaa.

Rangi hazibahatishwi. Kijani hutawala buluu, hivyo kijani halisi akioanishwa na buluu makinda wote huwa wa kijani walioibeba buluu kwa siri, na wawili wa namna hiyo wakioanishwa, wastani wa kinda mmoja kati ya wanne huwa wa buluu. Macho mekundu hurithiwa kwa njia ya jinsia: dume mwenye macho mekundu akipewa jike wa kawaida, makinda majike wote huwa na macho mekundu, na madume wote huwa wa kawaida lakini wamebeba sifa hiyo. Anayeelewa hili huwajua majike wake tangu wakiwa kiotani.

Kushindanisha

Kigezo kinachofuatwa na wengi kilikuzwa na chama cha wafugaji wa baji cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1925. Ndege bora ana urefu wa milimita 216, husimama kwa utulivu akiinama nyuzi 30 kutoka wima, ana kichwa kikubwa cha mviringo, na shingoni ana madoa sita makubwa yaliyopangika sawasawa, mawili ya pembeni yakifunikwa kidogo na mabaka ya mashavu. Manyoya ya mkia au ya bawa yakikosekana, ndege hupoteza alama nyingi hata awe na umbo la kuvutia.

Kinda wa mashindano huvishwa pete isiyofunguka akiwa na siku tano hadi kumi, kabla mguu haujanenepa. Pitisha vidole viwili vya mbele, ivute pete juu ya mguu huku vya nyuma vimelala nyuma, kisha vitoe kimoja kimoja kwa njiti butu. Pete huonyesha mwaka na namba ya ndege, na daftari lenye namba hizo, wazazi na tarehe ndilo humtofautisha mzalishaji na mtu mwenye ndege wengi tu.

Maandalizi huanza majuma sita kabla. Ndege anyunyiziwe maji vuguvugu mara tatu kwa juma, asubuhi ya jua, ili manyoya yang'ae. Azoezwe kukaa kwenye kizimba cha maonyesho, ambacho ndani ni cheupe na nje ni cheusi, kikiwa na vijiti viwili vya kimo kimoja. Vizimba vyote hufanana ili mwamuzi asijue ndege ni wa nani. Mweke humo saa moja, kisha mbili, huku watu wakipita mbele yake, maana ndege bora anayejificha kwenye kona hawezi kupimwa. Siku chache kabla, madoa yaliyozidi sita yang'olewe kwa kibanio, moja moja, na yule asiyejua afundishwe na aliyezoea.

Wafugaji wachache wa mtaa mmoja wanaweza kuandaa shindano lao katika ukumbi wa kijamii au wa kanisa, mradi mwamuzi awe mtu asiye na ndege kwenye meza, na makinda wa mwaka washindane peke yao bila kuchanganywa na wakubwa. Ndege anayerudi kutoka huko, awe ameshinda au la, asirudishwe kwenye banda siku hiyo. Akae peke yake majuma matatu, kinyesi chake kikaguliwe, na kizimba alichosafiri nacho kisuguliwe kwa maji ya moto kabla ya kutumiwa tena.