Jinsi ya kuomba leseni ya utafiti Kenya: kwa wanaochunguza falsafa na mazingira kwenye misitu ya kaya

Mwanafunzi wa falsafa, historia au sosholojia anayetaka kuwahoji wazee wa Mijikenda, jamii za pwani ya Kenya, kuhusu misitu ya kaya, yaani misitu yao mitakatifu, anahitaji ruhusa nne: ya kamati ya maadili, ya tume ya NACOSTI, ya wasimamizi wa eneo, na ya wazee wenyewe. Ruhusa hizi zinategemeana. Ukiruka moja, utakwama kwenye inayofuata, na mara nyingi utakwama ukiwa umeshalipa nauli hadi Kilifi au Kwale.

Leseni yenyewe hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI) chini ya sheria ya mwaka 2013. Wanafunzi wengi wa sayansi za jamii hudhani sheria hiyo inawahusu watu wa maabara. Ukimhoji mtu mmoja chini ya mwembe kwa ajili ya tasnifu yako, huo ni utafiti na unahitaji leseni.

Kabla ya kujaza chochote

Nenda ukawasalimu wazee. Hatua hii haimo kwenye fomu yoyote, lakini pendekezo la utafiti lililoandikwa bila wao huonekana wazi: limetaja kaya isiyo na wazee wanaokutana, au limepanga mahojiano ndani ya sehemu ambazo mgeni haingii. Katika ziara hii hukusanyi data, hurekodi sauti wala hupigi picha. Unauliza mambo matatu tu: nani anasemea kaya hii, mambo gani hayaulizwi, na mgeni anatakiwa kufanya nini akija. Kwa mfano, anayeingia Kaya Kinondo hufungwa shuka nyeusi. Mahali palipozikwa fingo, kinga ya kaya, si pa kuulizia.

Majibu hayo yaingize kwenye pendekezo. Andika waziwazi kwamba hutarekodi mahali pa fingo wala makaburi, na kwamba ramani zako hazitaonyesha vipimo vya GPS vya sehemu hizo. Wazee wana sababu ya kuwa waangalifu. Vigango viwili (nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu) vya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi nyumbani mwaka 2007 tu, baada ya kugunduliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kilichosaidia kuvitambua ni picha iliyopigwa na mtafiti kabla ya wizi huo. Kumbukumbu iliyowekwa vizuri huilinda jamii. Iliyowekwa ovyo humwelekeza mwizi.

Kamati ya maadili

Pendekezo likishapitishwa na idara na msimamizi wako, lipeleke kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na NACOSTI. Kama chuo chako hakina, omba kwa chuo kingine chenye kamati. Anayetumia vitabu na nyaraka peke yake aombe barua ya msamaha, yaani ya kuondolewa sharti la cheti, kutoka kamati hiyohiyo. Asijisamehe mwenyewe.

Maombi ya wanafunzi wa falsafa na fasihi mara nyingi hurudishwa kwa sababu ya fomu ya ridhaa. Fomu huandikwa kwa Kiingereza cha tasnifu, kisha hutafsiriwa neno kwa neno hivi: "Utafiti huu unalenga kuchunguza misingi ya kiontolojia ya uhusiano wa binadamu na mazingira." Hakuna mzee anayeweza kukubali au kukataa sentensi kama hiyo. Iandike hivi: "Nataka kujua kwa nini mti wa kaya haukatwi, na mtu akiukata anafanywa nini." Weka nakala ya Kiswahili na ya lugha ya hapo, Kigiriama, Kidigo au Kiduruma, na utaje aliyetafsiri.

Yako mambo mawili zaidi ambayo kamati huyaangalia. La kwanza ni sahihi. Wazee wengine hawapendi kutia kidole kwenye karatasi, na wana haki. Omba mapema ruhusa ya kupokea ridhaa kwa mdomo, mbele ya shahidi, ikiwa imerekodiwa. Ukiamua hivyo ukiwa nyanjani bila kibali cha kamati, mahojiano hayo hayatumiki.

La pili ni majina. Kanuni ya kawaida ni kuficha jina la anayehojiwa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka utunze taarifa za watu kwa uangalifu. Hata hivyo, katika utafiti wa hekima, kumficha mwenye fikra ni kumnyang'anya alichokitoa. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwataja wahenga aliowahoji kwa majina, akiwemo Paul Mbuya Akoko, kwa sababu aliwahesabu kuwa wanafalsafa. Kwa hiyo weka visanduku viwili kwenye fomu, "nitajwe" na "nisitajwe", na umwachie mzee achague. Eleza sababu hiyo kwenye pendekezo, la sivyo kamati itakuuliza.

Kwenye bajeti, nauli za wazee na vitu vya tambiko viandikwe kama vilivyo. Ukiviita "malipo kwa watoa habari", vitasomeka kama rushwa ya majibu.

Maombi ya NACOSTI

Maombi hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wa NACOSTI. Fungua akaunti kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kisha andaa faili hizi za PDF, kila moja peke yake: kitambulisho au pasipoti, pendekezo lililopitishwa, barua ya utambulisho kutoka chuo, na cheti cha kamati ya maadili. Picha ya pasipoti iwe ya karibuni. Asiye Mkenya, hata akitoka Tanzania au Uganda, huongeza barua ya taasisi ya Kenya inayomkubali kama mshirika wake. Barua hiyo huchukua muda kuliko zote, kwa hiyo ianze kufuatiliwa kwanza.

Barua ya chuo iwe na nembo, muhuri, sahihi, tarehe, namba yako ya usajili na mada. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: mada kwenye barua inasema "Falsafa ya Mazingira ya Wamijikenda", cheti cha maadili kinasema "Maadili ya Mazingira katika Kaya za Kilifi", na kwenye fomu mwombaji ameandika la tatu. Msimamizi akibadilisha kichwa baada ya kamati kukupa cheti, rudi kwa kamati wakurekebishie kabla ya kuomba leseni. Nakili mada moja, ibandike kila mahali.

Kwenye sehemu ya eneo, chagua kaunti zote utakazofika. Leseni inakubalika kwa utafiti ule, mahali pale na muda ule tu. Anayechagua Kilifi peke yake kisha akatamani kulinganisha na kaya ya Kwale, hana leseni akivuka. Chagua zote mbili tangu mwanzo.

Muda nao upimwe. Leseni kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na siku huanza kuhesabiwa inapotolewa. Ukiomba mapema mno, utakula miezi ukiwa bado darasani. Ikikaribia kwisha, unaweza kuomba iongezwe kwa kupeleka ripoti ya ulipofikia.

Ada hutegemea ngazi ya masomo na uraia. Lipa kwa njia inayotolewa na mfumo pekee na uhifadhi risiti. Mtu anayekuomba umtumie pesa ili "aisukume" faili, usimtumie. Baada ya hapo ingia kwenye akaunti kila baada ya siku chache, maana maswali ya wakaguzi huonekana humo, na ombi lisilojibiwa hubaki pale lilipo.

Ukishaipata

Soma masharti ya leseni. Yanakutaka uwaarifu Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana kabla ya kuanza. Peleka nakala kwa mkono, ugongewe muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako, kisha ushuke kwa naibu kamishna, chifu na naibu wa chifu. Chifu asiyejua habari zako anaweza kuisimamisha kazi yote kwa simu moja.

Masharti hayohayo yanasema kuchimba, kurekodi filamu na kukusanya sampuli kunahitaji vibali vingine. Kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za taifa, na baadhi ziliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, kwa hiyo Makumbusho ya Taifa ya Kenya lazima wajue unafanya nini humo. Ukitaka kuchukua hata jani la dawa kwa uchambuzi, tayari umeingia kwenye sheria za rasilimali za kibiolojia na ya maarifa ya jadi ya mwaka 2016. Mwanafunzi wa falsafa kwa kawaida haihitaji sampuli hiyo, na ni afadhali aiache.

Baada ya muhuri wa chifu, rudi kwa wazee na leseni mkononi. Wasomee fomu ya ridhaa yote, kwa sauti. Wakikuambia urudi wiki ijayo kwa sababu hawajakaa kikao, rudi wiki ijayo, na ratiba yako iwe na nafasi hiyo.

Ndani ya mwaka mmoja baada ya utafiti kukamilika, wasilisha NACOSTI nakala moja ya karatasi ya ripoti na upakie nyingine kwenye mfumo. Chapisha ya tatu, kwa Kiswahili, kurasa kumi zinatosha, uwapelekee wazee waisome au wasomewe kabla hujafunga faili.