Jinsi ya kuomba kujitolea katika uokoaji ukiwa Dar es Salaam

Kila ikitoka habari ya mtu aliyekwama mlimani, hakosekani kijana wa Dar wa kuuliza: na mimi najiungaje na hao waokoaji? Kwa Kilimanjaro jibu ni fupi. Uokoaji wa kule unafanywa na askari wa hifadhi ya taifa wakisaidiana na waongozaji na wapagazi, watu waliozoea baridi na hewa nyepesi, wanaomshusha mgonjwa kwa machela ya tairi moja. Ukitoka Mbagala leo ukapandishwa mita 4,000 kwa pupa, wa kubebwa kwenye machela utakuwa wewe.

Sisi huku mlima wetu ni maji na zege. Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki, na kuna familia zinalala juu ya mabati. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lilianguka Kariakoo, na raia walikuwa miongoni mwa waliochimbua kifusi kwa mikono na nyundo. Moyo walikuwa nao. Shida ni kwamba asiyefunzwa akikanyaga kifusi ovyo anaweza kukishindilia juu ya mtu aliye hai chini yake. Ndiyo maana nasema omba sasa, wakati hakuna kilichotokea. Siku ya tukio hakuna atakayekuwa na muda wa kusoma barua yako.

Mlango ulio wazi kwa raia wa kawaida ni Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962 ili kuisaidia serikali katika huduma za kibinadamu. Usikichanganye na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lile ni ajira, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na likitaka watu linatangaza nafasi.

Anza na karatasi za mtaani kwako, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Unahitaji barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ukiwa mpangaji mgeni, pitia kwanza kwa mjumbe akufahamu sura, ndipo uende kwa mwenyekiti au mtendaji. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na kalamu yako. "Shikamoo mzee, nimekuja kuomba barua ya utambulisho." "Marahaba. Ya mkopo au ya dhamana?" Mweleze kuwa ni ya kujitolea, atashangaa kidogo, kisha ataandika. Kabla hujaondoka, angalia mambo mawili palepale mezani: mhuri umesomeka, na majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Mimi nilizungushwa wiki mbili kwa sababu ya herufi moja. Barua ilisema Salumu, NIDA inasema Salum, na karani wa ofisi moja niliyoipeleka aliniambia hao ni watu wawili tofauti. Kama vyeti vyako vya shule navyo vina jina jingine, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo mapema.

Kitambulisho chenyewe kikiwa bado hakijatoka, andika namba ya NIDA, zile tarakimu 20, na uwe na nakala yake. Ongeza picha ndogo za pasipoti, nakala ya cheti chochote cha mafunzo, na wasifu wa ukurasa mmoja. Leseni ya udereva iweke juu. Anayeweza kuendesha gari usiku wa mvua anatafutwa kuliko mwenye shahada.

Sasa barua ya maombi. Iandike kwa mratibu wa Msalaba Mwekundu wa mkoa, ukitaja wilaya unayoishi, iwe Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Kichwa kiwe kifupi: "YAH: MAOMBI YA KUJITOLEA KATIKA HUDUMA ZA MAAFA". Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu", usijaze ukurasa kwa kueleza unavyoipenda nchi yako. Sema unaishi mtaa gani, una umri gani, unafanya kazi gani, siku na saa unazoweza kupatikana, na unachoweza kufanya kwa mikono yako: kuogelea, kufunga kamba, kushona jeraha kama wewe ni muuguzi, kuzungumza lugha ya alama. Taja pia usichoweza. Mwenye pumu akinyamaza, vumbi la kifusi litamsema. Malizia kwa jina, sahihi na namba ya simu inayopatikana.

Ipeleke mwenyewe, ukiwa na nakala ya pili, na uombe ile nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Ukifika, ulizia tawi la karibu na kwako na ada ya uanachama, kisha lipa na uchukue risiti. Jibu likichelewa, rudi na nakala yako. Kukumbushia si usumbufu, mradi uende kwa adabu.

Utakapoitwa, utaulizwa kama unazifahamu kanuni saba za chama, kuanzia ubinadamu na kutopendelea. Zisome uzielewe. Kutopendelea maana yake ni kwamba kwenye mafuriko hutaanza na nyumba ya shangazi yako. Na suala la posho lisiwe swali lako la kwanza. Pengine utapata nauli na chakula siku ya kazi, mshahara haupo.

Kinachofuata ni mafunzo ya huduma ya kwanza, na hapa usikose hata siku moja. Utapiga magoti mbele ya sanamu la mpira, viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, ukandamize kina cha sentimita 5 hivi, mara 30, kisha pumzi 2, tena na tena, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwenye sinema inaonekana rahisi. Dakika ya pili shati limelowa, viwiko vinaanza kukunjika bila wewe kujua, na hapo ndipo unaelewa kwa nini mwokoaji hafanyi kazi peke yake. Utafundishwa pia kunyamaza. Kwenye kifusi kuna wakati mashine zote huzimwa, watu husimama kimya, mmoja anagonga chuma na wote wanasikiliza kama chini kuna anayejibu. Kwa sisi tuliozoea kelele za Kariakoo, hilo ni gumu kuliko kubeba zege.

Ukishaingizwa kwenye orodha ya simu, andaa begi na uliweke karibu na mlango: gambuti, glavu nzito, tochi na betri za akiba, filimbi, reflekta, maji, nakala ya kitambulisho. Waambie wa nyumbani. Na ukilikuta tukio mwenyewe kabla hujaitwa, piga kwanza 114 ya Zimamoto, ndipo umpigie kiongozi wa tawi lako.