Somo: Kupanga alumini juu ya silikoni kwa mahindi na maharagwe

Tulipokutana Kondele Jumamosi, wengi mlidhani alumini ikitua juu ya silikoni hukaa kama rangi ukutani, popote ilipoangukia. Sivyo. Kila atomi ina mahali pake, na mahali hapo mtapapata wenyewe mezani kwa karatasi ya manila, rula, konzi ya mahindi na maharagwe machache. Gorogoro nzima, lile kopo la kupimia nafaka, ya nini?

Ndani ya kristali, kila atomi ya silikoni imeshikana na wenzake wanne. Kristali ikikatwa kwa ule upande unaoitwa 111, atomi za juu hubaki zimeshika watatu, mkono wa nne uko wazi. Mkono wazi unagharimu nishati, kwa hiyo uso hautulii. Silikoni ikiachwa peke yake katika ombwe hujipanga upya: panapostahili kuwa na mikono wazi 49 hubaki 19 tu. Mpangilio huo huitwa saba kwa saba, kwa kuwa kipande chake kinachojirudia ni nafasi saba za atomi kila upande. Alumini ina elektroni tatu za nje, yaani mikono mitatu, na ikifika juu ya silikoni iliyopashwa moto huuvunja mpangilio huo na kuleta wake.

Hatua ya 1. Chora mistari ikatane iwe pembetatu zilizo sawa, kila upande sentimita 4. Kila makutano weka punje ya mahindi. Hizo ndizo silikoni. Fungeni dirisha kwanza. Sisi upepo wa ziwani ulitupangulia safu tatu.

Hatua ya 2. Tazama pembetatu: nyingine zimechongoka kwenda juu, nyingine kwenda chini. Tumia za juu pekee. Katika kristali halisi, chini ya aina moja kuna atomi ya silikoni ya tabaka la pili, na alumini hupenda kukaa hapo. Weka harage, ndilo alumini, katikati ya pembetatu mojawapo. Limeshika mahindi matatu.

Hatua ya 3. Hapa nendeni polepole. Ongeza maharagwe kwa sharti hili: hakuna hindi linaloshikwa mara mbili, wala linaloachwa. Pembetatu ya jirani imekataa, kwa sababu mnagawana pembe. Ukiruka ukaweka harage la pili sentimita 8 kando, kwenye mstari uleule, litazame lile hindi lililo juu kidogo katikati yao: kila pembetatu inayoweza kulifikia inagusa hindi lililokwisha kushikwa. Rudi nyuma. Imebaki njia moja, ya kwenda mshazari. Ukishaliweka harage la kwanza, mengine yote hayana hiari. Mimi nimefundisha somo hili mara nyingi na bado hapo hunisisimua. Pembezoni yatabaki mahindi yasiyofikiwa, yaacheni.

Hatua ya 4. Pimeni kutoka harage hadi harage: sentimita 6.9 hivi, yaani 4 mara mzizi wa mraba wa 3, na safu zimegeuka digrii 30. Kwenye silikoni halisi, nanomita 0.384 kati ya silikoni na silikoni huwa 0.665 kati ya alumini na alumini. Harage moja kwa mahindi matatu: theluthi kamili.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tulianza watu wawili, kila mmoja pembe yake. Tulipokutana katikati, mahindi yakabaki. Nani alikosea? (Nyamasaria)

Hakuna. Harage la kwanza lina nafasi tatu za kuanzia, na kila mmoja wenu alichagua yake. Alumini nayo huanza sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na mipaka ya namna hiyo huonekana kabisa.

Huonekana kwa kifaa gani, na atomi ni ndogo hivyo? (Milimani)

Kwa sindano kali inayopitishwa karibu sana na uso bila kuugusa, elektroni zikivuka pengo. Wanafizikia Binnig na Rohrer waliionyesha saba kwa saba kwa chombo hicho mwaka 1983, wakapata Nobeli 1986.

Paneli yangu ya sola ina alumini nyuma. Ni mpangilio huu? (Nakuru)

Hapana, ndugu yangu. Ile ni alumini nene iliyopakwa na kuchomwa hadi ikayeyukiana na silikoni. Hapa tunazungumzia chini ya tabaka moja la atomi.

Madini ya fedha yana elektroni moja ya nje. Basi tuweke harage moja kwa kila hindi? (Kakamega)

Idadi umepatia, dada. Lakini safari hii mahindi nayo huhama: silikoni za juu husogeleana tatu tatu. Kwa hiyo kusanyeni mahindi matatu matatu kwanza, kisha pimeni kutoka kundi hadi kundi. Mtakuta sentimita 6.9 zilezile.