Tasnifu yako kwa dakika 3
Ndugu zangu wa uzamili na uzamivu, kabla ya semina au kongamano lijalo hapo chuoni, andaeni maelezo ya utafiti wenu ya dakika 3 na myajue kwa kichwa. Kuna shindano la namna hiyo lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: mshiriki ana dakika 3, slaidi 1 tu, na wasikilizaji si wa fani yake. Hata kama chuo chenu hakina shindano hilo, zoezi lenyewe ni dhahabu.

Anza na tatizo, nadharia isubiri. Unachunguza maji ya visima vya Temeke? Taja kwanza ndoo ya anayeyachota, kisha ulichopima, kisha ulichokiona. Mweleze mtu wa nyumbani, akiuliza "kwa hiyo?", rudi ukaandike upya. Mimi nilimchosha dada yangu mara nne, na nashukuru alivumilia.

Maelezo hayohayo utayageuza ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti wa kutuma kwenye kongamano. Mwito wa kutuma ikisiri ukibandikwa kwenye ubao wa matangazo, piga picha siku hiyohiyo, na rasimu imfikie msimamizi wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kuituma.